Diski namba 14: mikono ya Bibi imetulia

Imekubali! Naandika nikiwa bado nimekaa chini sebuleni kwa Bibi, Bagamoyo, deki ya moto kama pasi, na DVD 13 zilizokufa zimepangana pembeni ya mkeka kama sahani za shughuli. Ya 14 ndiyo inayocheza.

Kwa aliyesahau mradi wenyewe: ni filamu yangu ya kumaliza chuo, dakika 24, Bibi anasuka ukili (ule utepe wa ukindu) na kushona mkeka, kuanzia kuchana ukindu hadi shazia, ile sindano ya mikeka, inapotoka kwenye pindo la mwisho. Chuo kinataka nakala mbili za DVD kwa ajili ya maktaba. Bibi naye anataka ya kwake, kwa kuwa ana deki na TV ya chogo ya inchi 21, na kwa maoni yake televisheni isiyo na chogo ni picha ya ukutani tu.

Kwenye kuediti hakuna la ajabu. Nilikata saa sita za picha hadi dakika 24, nikapoteza siku mbili kupambana na jogoo wa jirani aliyewika juu ya kila sentensi nzuri, basi. Taimlaini ilikuwa ya mistari 1080, fildi 50 kwa sekunde, kama kamera ya kuazima ilivyorekodi (fildi ni nusu ya fremu: mstari mmoja upo, unaofuata umerukwa). Nikatoa faili mama, yaani filamu nzima iliyokwisha kueditiwa, kwa DNxHD (aina ya video ya ubora wa juu), karibu GB 22, nikalihifadhi kwenye diski ya nje na kuapa sitaigusa taimlaini tena. Hili la faili mama lishikeni. Ukitoa DVD moja kwa moja kutoka kwenye taimlaini, kila jaribio ni kurenda (kuchakata) upya rangi, maandishi na makorokoro yote. Mimi nimejaribu mara 14, piga hesabu mwenyewe.

Diski namba 1 ilicheza safi kwenye laptopu. Nikapanda gari kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, nikafika Bagamoyo, nikamwamkia Bibi, nikaitumbukiza kwenye deki. Sekunde tano tu nikajua nimeumbuka. Bibi akitulia, picha nzuri. Akisogeza mkono, vidole vinatetemeka kama mwenye homa ya baridi. Mwenyewe aliangalia kimya, kisha akauliza, "Hivi mjukuu wangu, siku ile nilikuwa naumwa?"

Nikalaumu kasi ya biti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, kama kila mtu anavyofanya. Na washikaji wakanipa ushauri huohuo: ongeza biti, ongeza biti. Diski ya 2, ya 3 na ya 4 zikaenda hivyo, megabiti 6, kisha 8, kisha 9 kwa sekunde. Ningekaa na kalamu mapema ningeokoa hela. DVD ya kawaida ina GB 4.7. Dakika 24 kwa megabiti 8 ni GB 1.44, yaani zaidi ya theluthi mbili ya diski inabaki tupu. Hata ukifika mwisho unaoruhusiwa wa video kwenye DVD, megabiti 9.8, filamu fupi kama hii haifiki GB 2. Biti hazikuwahi kuwa shida yangu hata siku moja. Kibaya zaidi, ile ya megabiti 9 deki ilikuwa inaikwamia, maana diski ya kuchoma ya bei poa husomeka kwa taabu kuliko iliyotoka kiwandani.

Shida ilikuwa fildi. Laptopu inaonyesha fremu nzima kwa mkupuo, na programu ya kuchezea inazichanganya fildi mbili kimyakimya, kwa hiyo kosa linafichika. TV ya chogo haina huruma hiyo. Inachora mistari ya fildi moja, inarudi kuchora ile iliyo katikati yake, mara 50 kwa sekunde. Ukizipanga fildi kinyume, badala ya kupata 1, 2, 3, 4 inapata 2, 1, 4, 3. Mkono wa Bibi unarudi nyuma hatua moja, unaruka mbele hatua tatu, unarudi moja, unaruka tatu, hivyohivyo sekunde nzima. Ukuta hauonyeshi kitu kwa sababu hausogei. Ndiyo maana nilidhani ni ugonjwa wa mikono peke yake.

Nani alizipanga kinyume? Mimi hapa. Kaka mmoja aliyenifundisha kuediti alikuwa wa enzi za kanda, akaniambia, "PAL ni fildi ya chini kwanza," nikaishika kama aya. Kwa kanda za DV, zile za dijitali za mfumo huo wa PAL wa fildi 50, ilikuwa kweli. Kamera za HD zinaanza na ya juu, ile yenye mstari wa kwanza wa picha. Programu ilikuwa imeisoma kamera sawasawa, nami nikaingia kwenye mipangilio ya klipu na kuilazimisha isome chini kwanza. Faili mama likarithi. Kiapo changu kuhusu taimlaini kikadumu siku nne.

Safari hii sikutaka kubahatisha. Nikatengeneza kipande cha sekunde 20: fimbo nyeupe inatembea kutoka kushoto kwenda kulia juu ya weusi, kwanza kwa fildi ya juu, halafu kwa fildi ya chini. Kwenye TV ya Bibi fimbo ya kwanza iliteleza kama ngalawa, ya pili ikatingishika kama bajaji kwenye matuta. Jibu likapatikana ndani ya nusu dakika, baada ya wiki nzima ya ubishi. Hiyo ilikuwa diski namba 6. Ya 5 umeme ulikatika nikiwa naichoma, hata sijui ilikuwa na nini.

Hapo ndipo mdogo wangu, yuko darasa la sita, akauliza mbona deki ina tundu la flashi mbele. Kweli lipo. Na deki inacheza faili la MPEG-2 (video ya aina ileile ya DVD) kutoka kwenye flashi bila kuchoma chochote. Nilimwangalia, nikaangalia zile diski sita, nikamtuma dukani akaninunulie maji.

Diski namba 7: mikono imetulia tuli. Nikashangilia mapema. Ilipofika picha ya karibu ya ukili, mistari myekundu na ya zambarau imelala sambamba, skrini ikaanza kuwaka. Inametameta yote kama maji ya bahari saa sita mchana. Paa la bati la jirani vilevile, na pindo la kanga. Picha haijasogea hata kidogo lakini inachemka.

Huu ni ugonjwa mwingine kabisa, na ndio ulionitoa jasho. Ukiminya picha ya mistari 1080 ifike 576 ya DVD ikiwa kali, uzi mwembamba unaishia kuwa mstari mmoja tu wa TV. Mstari mmoja upo kwenye fildi moja tu. Kwa hiyo unawaka, unazimika, unawaka, unazimika, mara 25 kwa sekunde, na jicho linaona. Filamu ya watu wanaongea sebuleni ingepona. Mimi nimetengeneza dakika 24 za mistari myembamba iliyolala! Ukili ni mistari, mkeka ni mistari, hadi kivuli cha makuti ni mistari.

Dawa inauma kuimeza: lazima uipunguzie picha ukali, wima tu, ili hakuna mstari unaokaa peke yake kwenye fildi moja. Nilianza na ukungu wa kawaida ndani ya programu ya kuediti, Bibi akaonekana amerekodiwa kupitia chandarua. Nikaachana nayo, nikahamia ffmpeg, programu ya bure ya kubadili video. Mpangilio ulioniokoa una hatua tatu na hauruhusu kubadilishana nafasi. Kwanza bwdif, inayogeuza fildi 50 kuwa fremu kamili 50. Pili ndipo unaminya ukubwa kufika 720 kwa 576. Tatu kichujio cha interlace, kinachorudisha fildi (ya juu kwanza, tafadhali) na kulainisha mistari kwa wakati huohuo. Kinalainisha kwa namna mbili. Ya kawaida inazima mmeto zaidi, ile nyingine inaacha ukali zaidi. Kwa ukili nikachukua ya kawaida. Ukiminya ukubwa kabla ya kutenganisha fildi, mistari ya nyakati mbili tofauti inasagwa pamoja na hakuna kichujio kitakachokurudishia. Hapohapo nikabadili na hesabu ya rangi kutoka 709 ya HD kwenda 601 ya DVD, la sivyo wekundu wa kanga unahama.

Maana nimeulizwa sana kuhusu programu, niseme langu. Encore ya Adobe, ya kutengenezea DVD, ilikuwa raha, lakini ilikomea toleo la CS6 na sitafuti tena nakala za kuokoteza. HandBrake kila mtu anaitaja; ni nzuri, ila kazi yake ni kuitoa video kwenye DVD, siyo kuirudisha. DVDStyler ni ya bure na inatosha, mradi uiambie inakili video yako ilivyo, vinginevyo itaisaga upya na jasho lako lote linapotea. Kuchoma nachoma kwa ImgBurn, kasi ya 4, na kuhakiki baada ya kuchoma. DVD-R, siyo ile ya jumlisha (DVD+R), kwa sababu deki ya Bibi inachagua diski kama mtoto anavyochagua mboga.

Sasa sikiliza kituko. Kwa flashi: safi kabisa, hakuna mmeto. Nachoma diski ya faili lilelile: mmeto umerudi! Diski 8, 9, 10. Nikabadili aina ya diski, nikapunguza biti, nikalainisha zaidi hadi Bibi akarudi ndani ya chandarua. Bado inawaka. Ya 11 nilichoma usiku wa manane na hasira, ya 12 sikumbuki hata nilibadili nini.

Nilikuja kuelewa kwa kumwangalia Bibi sura. Kwenye flashi uso wake ulikuwa mrefu na mwembamba, umejaa skrini nzima. Kwenye diski uso ulikuwa wa kawaida, na juu na chini kuna mikanda myeusi. Yaani deki ikisoma flashi haijali umbo la picha, inaitandaza tu. Ikisoma DVD inaona alama ya 16:9 (picha pana), inajua TV ni 4:3 (umbo la zamani, fupi kwa upana), kwa hiyo inaifinya yenyewe ili iingie: mistari 576 inakuwa 432. Kila mistari minne inafanywa mitatu, na deki ya bei hii haifanyi kwa ustaarabu. Mimi nalainisha nyuzi vizuri nyumbani, deki inakuja kuchomoa mstari mmoja kati ya minne sebuleni. Nilikuwa namtibu mgonjwa, anatoka mlangoni anapigwa upya.

Basi ya Bibi nimeitengeneza peke yake. Bwdif, halafu ukubwa wa 720 kwa 432, halafu mikanda myeusi ya mistari 72 juu na 72 chini, halafu ndiyo kichujio cha mwisho, na diski nzima naiandika 4:3. Deki haina cha kufinya. Inapokea inachoipokea na kukaa kimya. Ya 13 ilikuwa hiyo, ikaharibiwa na majina ya mwisho: TV ya chogo inakula kingo, na nusu ya herufi za kwanza zilibaki nyuma ya plastiki. Nikayasogeza ndani hadi asilimia 80 ya picha. Nakala za chuo zinabaki 16:9 kama kawaida.

Menyu ya kufungulia DVD mnayoisubiri, ile ya mkeka unaojisuka huku nyuma kuna sauti ya bahari, sijaifanya, na sidhani kama nitaifanya. Nilipoona diski ina nafasi yote ile nikakumbuka mazungumzo ya dakika 41 ambayo sikuyatumia popote, Bibi anaeleza nani alimfundisha kusuka na rangi zilikuwa zinapikwa na nini kabla ya zile za dukani. Nimeyaweka yote bila kukata, kwa megabiti 6. Filamu na mazungumzo kwa pamoja ni kama GB 3.4, na haifiki ukingo wa nje wa diski, ambako ndiko diski za bei poa huanza kusumbua. Diski inaanza yenyewe na filamu, ikiisha inaingia kwenye mazungumzo. Hakuna cha kubonyeza, na Bibi hapendi rimoti.

Nimemwekea ya 14 baada ya isha. Ameangalia mikono yake ikienda bila kutetemeka. Ukili ulipojaza skrini umekaa kimya, kila mnyaa, yaani kila kipande cha ukindu, unaonekana umepita juu ya upi na chini ya upi. Mdogo wangu akasema inaonekana kama ya dukani. Bibi akasogea hadi akakaribia kugusa kioo.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Unaona? Hapo nimeruka mnyaa. Na umewaonyesha watu."

Nimemwambia hakuna mtu atakayeona. Amesema wasukaji wote wa Bagamoyo wataona, na kwamba hiyo diski haitoki humu ndani. Kwa hiyo kesho narudi kwenye taimlaini, dakika ya 17, kutafuta sekunde nne za kufunika. Jogoo nadhani ninaye kwenye picha moja safi.