Deni lililokatazwa na katiba huenda wapi?

Mdogo wangu aliandika kwenye kundi letu la familia: "Dada, wewe uko Ujerumani. Wenzetu huko wameweka kwenye katiba kwamba serikali isitumie kuliko inavyokusanya. Kwa nini Kenya tusifanye vivyo hivyo, tukapumua na haya madeni?" Binamu zetu wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa naingia zamu, nikamwahidi kumjibu kwa kirefu. Jibu nimeliweka hapa kwa sababu najua wanaouliza ni wengi.

Nianze na walichofanya Wajerumani. Mwaka 2009, baada ya benki kuyumba na serikali kukopa ili kuziokoa, Bundestag na Bundesrat, yaani bunge lao na baraza la majimbo, walibadilisha vifungu vya 109 na 115 vya katiba kwa kura za theluthi mbili. Serikali ya shirikisho iliachiwa nakisi isiyozidi asilimia 0.35 ya pato la taifa, ukiondoa nyongeza inayoruhusiwa uchumi unapodorora. Majimbo yalikatazwa kabisa kuanzia 2020. Wenyewe wanaiita breki ya madeni. Ina mlango wa dharura: likitokea janga, Bundestag inaweza kuisimamisha, mradi ipitishe pia mpango wa kulipa. Walifanya hivyo wakati wa korona.

Na breki ilishika. Tangu 2014 hadi 2019 serikali ya shirikisho haikuongeza deni jipya. Mtu aliyekulia Voi, akaona bei ya unga na ya mafuta ikipanda kila kodi mpya inapotangazwa, hawezi kulidharau jambo hilo. Silidharau.

Lakini miaka hiyohiyo matengenezo yaliahirishwa. Desemba 2021 daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45 lilifungwa ghafla kwa sababu halikuwa salama tena, malori yote yakamwagwa katikati ya mji wa Lüdenscheid, na Mei 2023 daraja lenyewe likalipuliwa kwa baruti. Mji ninaoishi mimi, Dresden, ulipata zamu yake usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2024. Sehemu moja ya daraja la Carola, ile yenye reli za tramu, iliangukia Mto Elbe yapata saa tisa usiku. Tramu ya mwisho ilikuwa imevuka dakika chache kabla, na Mungu akajalia hakuna aliyeumia. Mabomba ya maji ya moto yaliyopita hapo yalipasuka. Asubuhi hiyo, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, tulichemsha maji kwa birika za umeme, tukawaosha wazee mmoja mmoja kwa beseni. Bibi mmoja aliyekuwa msichana wakati daraja linajengwa alinishika mkono, akaniuliza mara nyingi kama ni kweli limeanguka.

Haki itendeke: wataalamu walieleza kwamba chuma cha ndani kilikuwa na kasoro tangu daraja lilipojengwa kati ya 1967 na 1971, enzi za Ujerumani Mashariki, kikaendelea kupasuka kimyakimya ndani ya zege. Siwezi kusema lilibomolewa na kifungu cha katiba. Ninachosema ni hiki. Daraja lilikuwa na sehemu tatu. Mbili zilikuwa zimeshakarabatiwa, na ya tatu, iliyoanguka, ilipangiwa 2025. Matengenezo yanayosubiri hayaandikwi popote kama deni. Vitabu vya serikali hubaki safi huku zege likizeeka, na siku ya kulipa ikifika, bei yake huwa imeshakuwa kubwa kuliko mkopo ulioogopwa.

Siasa nayo ilifuata njia hiyo ya kuficha. Mwaka 2022 waliibadilisha katiba ili watenge mfuko wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, nje ya breki. Serikali ya Kansela Olaf Scholz ilijaribu kuhamisha euro bilioni 60 za mikopo ya korona zilizobaki kwenda mfuko wa tabianchi. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikasema hapana. Mwaka uliofuata ugomvi wa bajeti uliivunja serikali yenyewe. Kisha Machi 2025, bunge jipya likiwa limeshachaguliwa lakini halijakutana, bunge la zamani liliitwa kupiga kura, kwa kuwa katika jipya theluthi mbili isingepatikana kwa urahisi. Kura za kukubali zilizidi 500. Matumizi mengi ya ulinzi yakatolewa nje ya breki, na mfuko wa euro bilioni 500 wa miundombinu ukaundwa. Fedha hizo zilihitajika, nakubali. Lakini iliniuma kuona katiba inabadilishwa na wabunge ambao wapiga kura walikuwa wameshachagua wengine wa kuchukua nafasi zao.

Sasa nirudi nyumbani. Hoja ya mdogo wangu ina nguvu, kwa kuwa sheria ya kawaida Kenya imesogezwa kila ilipobana. Kikomo cha deni kiliwekwa shilingi trilioni 9 mwaka 2019, kikapandishwa hadi trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 kikageuzwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walikuwa wanakataa kulipia maamuzi ambayo hawakuulizwa. Niliwatazama kwenye simu nikilia.

Hata hivyo Kenya tayari tuna mfano wa breki hiyo, na uko kwenye katiba ya 2010. Soma kifungu cha 212: serikali ya kaunti haiwezi kukopa mpaka serikali ya kitaifa iudhamini mkopo na bunge la kaunti liuidhinishe. Kwa hiyo kila mwaka kaunti hupitisha bajeti ambayo, kwenye makaratasi, mapato na matumizi yanalingana. Deni halikuisha. Lilihamia kwa shangazi yetu.

Wote kwenye kundi mnaijua habari hii. Shangazi anafuga kuku, na alipata tenda ya kupeleka mayai kwenye hospitali moja ya kaunti anakoishi. Trei zilipokelewa, stakabadhi zikatiwa sahihi, malipo hayakuja. Mwaka wa fedha ukaisha, wakamwambia asubiri bajeti ijayo. Chakula cha kuku hakisubiri. Akakopa Sacco, akalipa riba, mwishowe akauza kuku. Kaunti ilikuwa imekadiria ushuru ambao haikuukusanya, na mgao kutoka Nairobi ulichelewa; pengo likazibwa na mama mwenye mabanda mawili. Huo ni mkopo. Tofauti yake na ule wa benki ni kwamba aliyekopesha hakuombwa, na riba alilipa yeye. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ya karibuni zimeonyesha kaunti zikidaiwa hivyo zaidi ya shilingi bilioni 150. Nyuma ya kila bilioni wamo mafundi, wauza dawa na akina shangazi.

Ndiyo maana siungi mkono kuandika tarakimu kwenye katiba na kuondoka. Serikali kuu ikinyimwa ruhusa ya kukopa, itafanya zinavyofanya kaunti, kwa ukubwa wa nchi nzima.

Ninachotaka kiandikwe ni wajibu ulio na tarehe. Kifungu cha 201 kinataja uwazi, na kinataka mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo. Ni maneno mazuri, ila hayana siku wala saa. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kupita Voi mwaka 2017, na kurasa za mkataba wa mkopo wake zikaanza kuonekana hadharani Novemba 2022. Kwa hiyo niandikiwe hivi: mkataba wowote wa mkopo utangazwe wote kabla ya kutiwa sahihi, na usiotangazwa usimfunge mwananchi. Stakabadhi iliyopita siku 90 bila kulipwa ihesabiwe kuwa deni la umma, iingie kwenye kikomo, na riba yake ilipwe na serikali. Madaraja, barabara na hospitali zilizoahirishiwa matengenezo ziorodheshwe pamoja na gharama zake, kila mwaka, ndani ya kitabu cha bajeti.

Hapo Kenya tuna nguvu ambayo Mjerumani wa kawaida hana. Kesi ile ya 2023 ilifunguliwa na wabunge wa upinzani. Jirani yangu hapa asingeweza. Kwetu, kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani akidai katiba imevunjwa. Shangazi angeweza kuingia Mahakama Kuu na stakabadhi zake mkononi, bila kusubiri mbunge yeyote amsemee.