Tulianza na kipimajoto, tukaishia kuogelea

Mama alianza kulima mwani kabla sijazaliwa. Kilimo chenyewe kiliingia pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwanza Paje na Jambiani, na kijiji chetu hakiko mbali na hapo. Nimekulia katikati ya vijiti na kamba. Hata leo nikipita penye mwani unaoanikwa juu ya makuti, harufu ile inanirudisha utotoni. Lakini miaka yote hiyo mama hakujua kuogelea. Maji yakimfika kifuani alikuwa anarudi nyuma.

Nimeulizwa mara nyingi kikundi chetu cha watoto wa bahari kinafanya nini hasa, na kila ninapojibu huanza na hilo la mama.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Watoto wenyewe ni ishirini na wawili, wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba, wasichana kwa wavulana. Mwanzo tulikutana kila Jumamosi, na tulikosea, kwa sababu bahari haina Jumamosi. Ukifika maji mafu huoni kitu, maji hayatoki wala hayaingii vya kutosha. Sasa tunafuata mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua linapokuja, na siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, ukatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba wa matumbawe. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hufika karibu mita nne. Watoto wanaandika kalenda yao wenyewe ya mwezi, wakimaliza wanaipeleka kwa bibi zao kusahihishwa. Bibi mmoja aliwarekebisha siku mbili bila kushika karatasi.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupima joto. Kipimajoto tunakifunga kwenye kijiti kwa taitai, zile kamba nyembamba ambazo kina mama hufungia mbegu za mwani, tunakizamisha dakika tatu, tunasoma mara tatu. Sehemu ni tatu: ufukweni, kwenye shamba la mwani, na karibu na mwamba. Kila kitu kinaingia kwenye daftari moja lenye jalada gumu.

Siku moja kijana mmoja alichelewa, maji yakawa yamesharudi, akanakili namba za bamvua lililopita. Mwenzake alimgundua kwa sababu zilifanana hadi nukta. Sikumpiga wala sikumfukuza. Nilimwambia azikate kwa mstari mmoja, zibaki zinasomeka, kisha aandike pembeni kwa mkono wake: "Hatukupima siku hii." Alilia. Tangu siku hiyo ndiye mlinzi wa daftari, na hakuna anayethubutu kuandika kitu asichokiona. Ningeulizwa ni lini hasa nilianza kumwona kama kiongozi, ningetaja siku hiyo.

Tunafanya na mengine. Tunaweka fremu ya mabomba ya plastiki, nusu mita kwa nusu mita, tunahesabu majani ya baharini yaliyomo ndani. Watoto walishangaa kujua kwamba majani yale yana mizizi na hutoa maua kama mimea ya shamba, wakati mwani hauna hata mzizi mmoja. Samaki wadogo aina ya tasi hujificha humo, na wavulana walilijua hilo kabla yangu kwa sababu baba zao wanatega madema, ile mitego ya samaki. Lakini joto ndilo lililotufikisha pasipotarajiwa.

Wazazi wetu wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa. Maji ya kina kifupi yakipata moto inaugua, matawi yanageuka meupe, yanakatika. Kina mama wengi wameiacha wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Watoto walisikia maneno haya nyumbani, lakini walipojaza kurasa kadhaa waliona kwa macho yao kwamba shambani, maji yakikaribia kurudi, kipimajoto kinapanda kuliko kule mwambani. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza swali ambalo mimi mwalimu sikuwa nimeliuliza: "Kama kule kuna ubaridi, kwa nini mama zetu hawalimi kule?"

Nikawaeleza juu ya Profesa Keto Mshigeni, aliyeuchunguza mwani wa pwani hii kabla haujawa zao, na juu ya Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, aliyefanya kazi na wakulima kujaribu kulima kotonii kwenye maji ya kina kwa nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu kama bomba ambazo mwani hutiwa ndani yake. Kwa hiyo njia ipo. Yule binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mama yangu hajui kuogelea." Mwingine akasema, "Wala wangu." Tukazunguka mduara mzima. Kati ya mama ishirini na wawili, hakuna hata mmoja.

Na wasichana wenyewe? Hakuna. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na minne, mbali na nyumbani.

Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, kuomba ruhusa. Akaita wazee na kina mama, na nikakataa kusema mimi. Yule binti alisimama na daftari, mikono inatetemeka, akasoma namba. Mzee mmoja akamkatiza: "Mwanangu, bahari hii nimeivua tangu ujana. Wewe na hicho kioo chako unanifundisha nini?"

Akajibu, "Babu, sikufundishi. Nimekuja kukuuliza. Zamani, maji ya hapa yalikuwa yanachoma miguu hivi?"

Mzee alikaa kimya. Halafu akaanza kusimulia, na alisimulia kwa muda mrefu: alipokuwa akitega madema, vidimbwi alivyokuwa akikaa ndani bila kuhisi kitu, samaki aliowapata karibu ambao sasa lazima awafuate mbali. Binti aliandika yote. Mimi sikumfundisha swali lile.

Upande wa kina mama maswali yalikuwa mengine: nguo zitakuwaje, nani atafundisha, wanaume watakuwa wapi. Yote ni maswali ya haki na tuliyajibu moja moja. Mwalimu ni mimi. Nguo ni suruali ya kubana, shati refu na mtandio ulioshonwa usitoke kichwani. Kisha akasimama mama mmoja aliyepoteza ndugu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Hakusema mengi. Alisema, "Wafundisheni," akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyepinga.

Maji yanayopwa saa nne asubuhi hujaa mnamo saa kumi, kwa hiyo siku moja ya bamvua inatutosha kwa kazi zote mbili: asubuhi tunapima, baada ya swala ya alasiri tunaogelea. Vifaa ni madumu matupu ya lita tano. Kuna wageni waliwahi kutuletea fulana na bango, wakapiga picha, hatukuwaona tena. Dumu la mafuta ya kupikia limetusaidia zaidi. Unalikumbatia kifuani, unajifunza kupumua, kisha unalala chali, kisha unaliachia. Wavulana wengi wanaogelea tangu wadogo, lakini hawakujua kuokoa mtu. Hao tunawafundisha kurusha kamba yenye dumu badala ya kujitosa.

Wasichana kumi na mmoja sasa wanaelea bila kushikwa. Wanne wanafika kwenye boya na kurudi. Bado hakuna anayelima kwenye kina, na nyavu na ngalawa zina gharama ambayo hatujaipatia jibu.

Bamvua lililopita mama alikuja. Alisimama ukingoni na kanga yake, nikidhani amekuja kutazama tu. Akaingia hadi kiunoni. Sikuweza kumfundisha, sauti ilinikwama, kwa hiyo yule binti wa kidato cha pili akamshika mgongoni. "Bibi, laza kichwa. Nimekushika."

Mama alielea kwa muda wa pumzi tatu, labda nne. Alipoinuka alifuta chumvi machoni, akauliza kama madumu tunayo ya kutosha, maana jirani yake naye anataka kuja.