Udongo wa Bibi

Bibi alinikuta nimechutama pembeni ya zizi, kijiko cha chai mkononi, nachota udongo na kuutia kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa Kibosho, Kilimanjaro, asubuhi, ukungu haujapanda.

"Unampelekea nani udongo wangu?"

Mwaka huo, 2016, nilikuwa chuoni, na mradi wangu ulikuwa kutafuta bakteria wa jamii ya Streptomyces. Ningemwelezaje? Nikaanzia kwa mbuzi wake. Ile sindano ya ivamektini anayowachoma minyoo ikiwazidi, nikamwambia, asili yake ni udongo. Mjapani mmoja, Satoshi Ōmura, alichota udongo karibu na uwanja wa gofu miaka ya 1970, na ndani yake mlikuwa na bakteria anayetengeneza kitu kinachopoozesha minyoo. Kule Marekani William Campbell na wenzake wakakipima, kikaweza. Wanakemia wakakiongezea atomi 2 za hidrojeni, mahali pamoja tu, ndipo ikapatikana dawa yenyewe. Ndiyo hiyo hiyo watu wanayomeza kwenye kingatiba ya usubi na matende. Mwaka 2015 wawili hao wakapewa Nobel.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mjapani alimwomba nani?"

Sikuwa na jibu.

"Kwenye gofu hakuna bibi," akasema, akacheka peke yake. "Haya, chota hapo hapo kwenye samadi. Kwenye masale yaliyopandwa mpakani usiguse, jirani atasema namroga. Na utakaobaki uurudishe."

Maabara niliukausha, nikauchanganya na maji, nikauzimua mara kadhaa, nikapaka tone kwenye sahani za agari ya wanga, rojo la kuoteshea bakteria. Siku ya saba yakatokea madoa meupe, makavu kama chaki, yameng'ang'ania hata waya unateleza juu yake. Nikainua kifuniko kidogo, jambo ambalo fundi wa maabara alishanikataza. Harufu ikanijia ya vumbi la nyumbani linapopata matone ya kwanza ya mvua. Kumbe harufu ile ni kazi ya hao hao bakteria.

Dawa sikuipata. Maji niliyoyachuja kutoka kwao hayakuwafanya minyoo lolote. Waliendelea kujinyonganyonga kwenye kisahani mpaka nikachoka kuwatazama.

Desemba nikapanda Kibosho na mfuko wangu. Bibi hakuuliza habari za dawa. Aliupima kiganjani.

"Umepungua."

Akaumwaga kwenye shina la mgomba, akakung'uta mfuko mara mbili, akaukunja, akauchomeka kwenye kanga.