Nilivyozidisha namba ambayo kalkuleta ya simu iliishindwa

Mdogo wangu hapa Ujiji aliniuliza: kaka, 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, ni namba tasa? Mwaka 1644 mwanahisabati Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya tasa. Mwanahisabati Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, ila bila kutaja vigawo vyake. Cole, naye mwanahisabati, akavitoa mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Nikataka kuhakikisha mwenyewe kwamba hivyo viwili vikizidishwa vinatoa namba ile ile. Simu ikatoa 1.4757 mara 10 kwa kipeo cha 20, tarakimu za nyuma zote zimemezwa. Hapo huwezi kuthibitisha kitu, maana ukweli wote uko mkiani.

Nikachukua daftari la mraba, nikakata kila namba vipande vya tarakimu tatu tatu, nikaanzia kulia. 721 × 287 ni 206,927: naandika 927, 206 mkononi. Kisha 721 × 257 jumlisha 707 × 287. Nikapata 388,206, na kipande kikaja 206, wakati namba yenyewe ina 412 hapo. Nusu saa nzima narudia kuzidisha, kumbe kuzidisha kuko sawa! Nilisahau ile 206 ya mkononi. Nilipoiongeza: 388,412. Kipande cha tatu kikatoka 841,676, nikaandika 676.

Tangu hapo, cha mkononi nakiandika kwa kalamu nyekundu juu ya safu inayofuata. Jibu likakamilika: 147,573,952,589,676,412,927, ndiyo 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Dogo akalisoma kwa sauti, kipande kwa kipande.