Grinhausi isiyo na nyanya: vipepeo wa Gede

Siku hizi kila kikundi cha kijijini kikipata ufadhili kinataka grinhausi, halafu ati watalii watakuja kuitembelea. Sawa, lakini mtalii apande tuktuk kutoka Watamu kuja kuangalia nyanya? Kwao hazipo? Mfano unaofanya kazi tunao hapa hapa Kilifi, Mradi wa Kipepeo pale Gede, wa kufuga vipepeo, uko tangu 1993 na wengi wetu tunaupita tukienda zetu Malindi.

Ukienda kuona magofu ya mji wa kale wa Gede (yale yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2024) pitia na banda la vipepeo, liko hapo hapo. Ni neti na miti na maua tu, vipepeo wanakutua hadi kichwani. Mimi kilichonishika ni viwavi wa kwenye mndimu, wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani, sasa mguse mmoja uone, anachomoza vipembe viwili vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali juu, watoto wa shule wanapiga kelele wote halafu wote wanataka kugusa tena.

Ila pesa yenyewe haiko kwa tikiti, iko kwa kuuza pupa, yaani kiwavi akishajifunga kwenye ganda kabla hajatoka kipepeo. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko Sokoke wananasa vipepeo kwa mitego ya ndizi zilizochacha, jike anawekwa kizimbani na mmea anaoutagia, viwavi wakitoka wanalishwa majani mpaka wageuke pupa, halafu ni mbio Gede. Mbio kweli, maana pupa hasubiri, wiki moja mbili hivi wengi wanatoka, kwa hiyo wanafungwa kwenye pamba, boksi, ndege, mpaka Ulaya na Marekani kwenye zile nyumba za vioo zenye joto ambazo watu wanalipa kiingilio. Yaani ile grinhausi ya ng'ambo bila mkulima wa Kilifi inapungukiwa.

Na msitu nao umepata wenyewe. Zamani wengi huku walitaka ukatwe wagawane mashamba, na siwalaumu, ndovu anatoka humo anamaliza mahindi yako na wewe hupati chochote. Sasa kila kipepeo ana mti wake, ukikata mti umekata hela yako.

Shida ni soko kuwa mbali. Korona 2020 ndege zikasimama, nyumba za vipepeo zikafungwa, na kiwavi hajui korona, yeye anakula tu. Ndo maana naona ni vizuri wanauza na asali, na shule za huku zingeletwa kwa wingi zaidi, si kungoja wazungu wa hoteli.

Kwa hiyo kikundi chenu kikitaka grinhausi ya utalii, nijibuni kwanza: mwezi wa tano, mvua inanyesha, hoteli nusu zimefungwa, mtamuuzia nani nini?