Chase na Higgins: ukimzibia mmoja, mwingine anakulipisha

Kila mjadala kuhusu wapokeaji (wadaka pasi) wawili wa Cincinnati Bengals, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huishia kwenye jedwali la yadi, na jedwali hilo halimtendei haki Tee Higgins. Msimu wa 2024 Ja'Marr Chase alidaka pasi 127, akapata yadi 1,708 na tachidauni 17 (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Aliongoza ligi nzima katika mafungu yote matatu, na tangu enzi ya Super Bowl (fainali ya ligi) ianze ni wanne tu waliowahi kufanya hivyo kabla yake: Jerry Rice (1990), Sterling Sharpe (1992), Steve Smith (2005) na Cooper Kupp (2021). Msimu huohuo Higgins alidaka 73, yadi 911, tachidauni 10. Ukiishia hapo utaona nyota na msaidizi wake.

Ila Chase alicheza mechi 17 na Higgins 12. Ukigawanya kwa mechi, Chase ana yadi 100 na Higgins 76. Hilo bado ni pengo kubwa. Kwenye tachidauni, Chase ana 1 kwa kila mechi na Higgins 0.83, yaani karibu wanalingana. Mtu anayeachwa mbali kiasi hicho kwa yadi anawezaje kumkaribia mwenzake hivyo kwenye kufunga? Jibu liko kwenye miili yao, kwenye namna wanavyotoka mstarini, pale mchezo unapoanzia, na kwenye kile ambacho walinzi wanalazimika kukiacha wazi.

Walikutana uwanjani kabla ya kuvaa jezi moja. Fainali ya vyuo vikuu ya tarehe 13 Januari 2020, New Orleans, LSU iliifunga Clemson 42-25. Chase, upande wa LSU, alidaka 9 kwa yadi 221 na tachidauni 2, na aliyekuwa akimrushia alikuwa Joe Burrow, kwotabeki (mrusha pasi) wa LSU. Higgins, upande wa Clemson, alifunga kwa kukimbia na mpira yadi 36. Miezi mitatu baadaye Bengals walimchukua Burrow akiwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya), kisha Higgins akiwa wa 33. Chase alijitoa kwenye msimu wa vyuo wa 2020 wakati wa korona, akachukuliwa wa 5 mwaka 2021. Kwa hiyo mdogo aliingia akiwa tayari anaelewana na kwotabeki wake, wakati mkubwa alikuwa ametangulia mwaka mmoja kwenye timu. Chase alizaliwa 2000, Higgins 1999.

Tuanze na Chase anapobanwa mstarini. Kanuni za NFL zinamruhusu beki wa kona, anayemlinda mpokeaji, kumgusa na kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 za kwanza. Hapo ndipo wapokeaji wengi wachanga wanapopotezea muda: wanacheza miguu papo kwa papo, kushoto kulia kushoto, huku kwotabeki anahesabu. Chase ana urefu wa mita 1.83 na uzito wa kilo 91 hivi, mapaja mazito na mikono yenye nguvu, na hana haja ya madoido. Anaenda moja kwa moja hadi karibu na vidole vya miguu vya beki, anapiga chini mkono unaokuja kumshika, anapitisha bega, kisha anarudi mbele ya beki kwenye mstari uleule aliokuwa akikimbilia. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayomtofautisha. Akishamweka beki mgongoni, beki hana njia ya kuufikia mpira bila kumgonga, na kumgonga ni kosa.

Baada ya hapo Chase hakimbilii mstari wa pembeni. Anaacha yadi 4 au 5 kati yake na mstari, ili Burrow awe na mahali pa kuudondosha mpira juu ya bega la nje. Mpokeaji anayesukumwa au kujisogeza hadi ukingoni anamnyima kwotabeki nafasi hiyo. Pasi ikipotoka kidogo tu inatoka nje, na watazamaji wanamlaumu mrushaji.

Silaha yake ya pili ni yadi baada ya kudaka. Tarehe 2 Januari 2022, dhidi ya Kansas City Chiefs, alidaka 11 kwa yadi 266 na tachidauni 3: yadi 72, 69 na 18. Ile ya 72 inafaa kutazamwa polepole. Sehemu kubwa ya yadi zile alizipata kwa miguu, akiwa tayari na mpira mkononi, akipita katikati ya walinzi waliokuwa na nafasi ya kumwangusha. Msimu ule, wake wa kwanza, alimaliza na pasi 81, yadi 1,455 na tachidauni 13, akatwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa mashambulizi.

Higgins ni mtu wa aina nyingine. Ana mita 1.93, kilo 98 hivi, hatua ndefu. Mwili mrefu unachelewa kuamka: hatua mbili tatu za mwanzo ndizo dhaifu kwake, na beki mwepesi anayembana vizuri mstarini anaweza kumchelewesha hadi pasi ya haraka ife. Huo ndio upungufu wake halisi, na anayeukataa hajamtazama vizuri. Faida yake inaanza yadi 12 hadi 18 mbele, pale mchezo unapoacha kuwa wa nani ameachwa na kuwa wa nani anaufikia mpira.

Pasi inayomfaa kuliko zote ni ile ya bega la nyuma. Higgins anakimbia kana kwamba anakwenda mbali; beki anageuka na kukimbia naye, mgongo kwa kwotabeki. Burrow harushi mbele, anarusha nyuma kidogo, upande wa mstari. Higgins anavunja mwendo, anageuza kiwiliwili, anauweka mwili wake kati ya beki na mpira. Kinachoifanya pasi hiyo ifanikiwe ni mikono inayochelewa. Beki asiyeuona mpira huyasoma macho na mikono ya mpokeaji. Mikono ikinyanyuka mapema, naye anaingiza wake. Higgins anaiacha chini hadi mpira umekaribia kabisa, halafu anaunyakua kwa mikono iliyonyooka, mbali na kifua. Wapokeaji warefu wapo wengi, ila wengi wao wanautangaza mpira sekunde nzima kabla haujafika.

Sasa ile hesabu ya tachidauni inaeleweka. Timu ikifika yadi 10 za mwisho, uwanja unakwisha: zinabaki yadi hizo na nyingine 10 za eneo la mwisho, basi. Mabeki wa nyuma hawahofii tena kupitwa kwa mbali, wanasogea mbele na kujaza nafasi. Kasi ya Chase inapungua thamani. Urefu wa Higgins haupungui chochote, kwa sababu juu ya kichwa cha beki hakuna anayejaza. Tarehe 28 Desemba 2024, dhidi ya Denver Broncos, alidaka 11 kwa yadi 131 na tachidauni 3, ya mwisho ikiwa ndiyo iliyomaliza mechi katika muda wa nyongeza, 30-24.

Upande wa walinzi ndipo wawili hawa wanapofungamana. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49, na walinzi ni 11. Baada ya ule msimu wa 2021 timu nyingi ziliamua kutokubali kuchomwa tena na Chase kwa mbali: badala ya beki mmoja wa nyuma kabisa zikaweka wawili, mmoja kila upande, wakikaa mbali na kungoja. Tazama wastani wa Chase kwa kila pasi aliyodaka: karibu yadi 18 mwaka 2021, kisha 12 mwaka 2022, na 12 tena 2023. Hakudorora. Alinyimwa pasi ndefu, akajifunza kula zile fupi: njia za kukata ndani, pasi za papo hapo pembeni, kuhamishwa kutoka ukingoni hadi nafasi ya ndani, na kuanza akiwa anatembea ili beki asipate pa kumbania. Mwaka 2024 wastani ulipanda hadi 13.4 huku idadi ya pasi ikifika 127, na mchanganyiko huo ndio uliompa mataji matatu ya takwimu.

Beki wa pili wa nyuma ametolewa mahali fulani, na mara nyingi gharama hiyo anaidai Higgins. Ushahidi mzuri kuliko wote ni mechi mbili dhidi ya Chiefs zilizopishana majuma manne tu. Ya kwanza ni ile ya yadi 266 za Chase. Ya pili ni fainali ya AFC (kundi moja kati ya mawili ya ligi), tarehe 30 Januari 2022: Chiefs walimwekea Chase uzito wote, akaishia na pasi 6 kwa yadi 54, ingawa tachidauni moja aliipata. Higgins alidaka 6 kwa yadi 103. Bengals wakashinda 27-24 katika muda wa nyongeza na kwenda Super Bowl. Mtu akiniuliza Higgins ana thamani gani, mechi hiyo ndiyo ninayomtajia.

Kwenye Super Bowl yenyewe, tarehe 13 Februari 2022, Higgins alidaka 4 kwa yadi 100 na tachidauni 2, Chase 5 kwa yadi 89. Tachidauni ya yadi 75 ya Higgins, mchezo wa kwanza kabisa wa kipindi cha pili, ilikuwa na kosa: alimshika beki Jalen Ramsey kwenye kinga ya uso na waamuzi hawakupuliza. Lazima lisemwe. Los Angeles Rams walishinda 23-20, na mchezo wa mwisho wa Bengals unaonyesha kitu ambacho hakimo kwenye jedwali la mpokeaji yeyote. Dauni ya 4 (jaribio la mwisho), yadi 1 inahitajika. Ramsey aliteleza, Chase akawa huru. Lakini Aaron Donald, mlinzi wa Rams, alikwisha kumfikia Burrow. Usiku ule Burrow aliangushwa mara 7 kabla ya kurusha. Dhidi ya Tennessee Titans kwenye mtoano uleule, mara 9. Njia ndefu inahitaji kama sekunde 3 ili ifunguke. Safu ya mbele inayomkinga kwotabeki isipozitoa sekunde hizo, kulinganisha wapokeaji ni kulinganisha watu wasiofikiwa na mpira.

Kwa upande wa kasoro, ya Chase inayojulikana zaidi ilikuwa mwanzoni kabisa, mechi za maandalizi za Agosti 2021, alipodondosha pasi kadhaa. Alieleza kwamba mpira wa NFL hauna mistari myeupe iliyo kwenye mpira wa vyuo, hivyo ni mgumu kuuona unavyozunguka. Wengi walimcheka. Maelezo yale yana mantiki: mistari humsaidia mdakaji kusoma mzunguko, na yeye alikuwa hajacheza mechi rasmi kwa mwaka mzima na zaidi. Mechi ya kwanza ya msimu, dhidi ya Minnesota Vikings, alidaka 5 kwa yadi 101.

Kasoro ya Higgins ni nzito zaidi kwa sababu haifundishiki: anaumia. Mechi 12 mwaka 2023, kwa ubavu na msuli wa nyuma ya paja. Mechi 12 tena 2024, msuli wa nyuma ya paja mwanzoni, wa mbele baadaye. Mchezaji mrefu anayevunja mwendo ghafla akiwa kwenye kasi kamili, kama ile pasi ya bega la nyuma inavyodai, anaitwisha misuli hiyo mzigo mkubwa kila wiki.

Machi 2025 Bengals waliwasainisha wote wawili: Chase miaka minne kwa dola milioni 161, Higgins miaka minne kwa dola milioni 115. Lawama zilikuwepo, na zina msingi. Msimu wa 2024 Burrow alirusha yadi 4,918 na tachidauni 43, timu ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 8, nje ya mtoano, kwa sababu ya ulinzi mbovu. Hata hivyo ningemsainisha Higgins. Kwangu Chase ndiye bora, wala sioni ubishi hapo, lakini bila Higgins yule beki wa ziada anamhamia Chase bure.

Ukitaka kuliona hili mwenyewe, usiufuate mpira. Kabla haujaanzishwa, hesabu walinzi waliokaa yadi 10 au zaidi nyuma ya mstari. Wakiwa wawili, angalia yupi ameegemea upande wa Chase, kisha hamishia macho kwa Higgins upande wa pili na uone kama beki wake ana msaada nyuma. Kama hana, na ni dauni ya 3 yenye yadi 7 hadi 12 za kutafuta, Burrow mara nyingi anajua anakorusha kabla ya kuupokea mpira. Mechi ambayo Higgins hayupo, fanya hesabu ileile na umtazame yule aliyechukua nafasi yake: beki wa nyuma wa upande huo ataanza kusogea kuelekea kwa Chase mapema, wakati mwingine hata kabla ya mchezo kuanza.