Nilivyosimamia shamba la bwana mkubwa, Januari ya 1879

Kule Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwanzoni mwa Januari jua huchomoza kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Toa ukungu wa asubuhi, unabaki na saa chache mno za kuona unachokifanya. Mimi nimekulia Tanga, ambako mchana wa Januari na wa Julai karibu unalingana. Kwa hiyo nilipokabidhiwa siku nzima ya kuendesha shamba kama lilivyokuwa mwaka 1879, kwenye jumba la makumbusho ninapojitolea, nilianza kwa kupanga mwanga. Watu nikawapanga baadaye.

Cheo changu kilikuwa msimamizi wa mali: yule aliyepokea kodi za wakulima wapangaji mwezi Machi na Septemba, akalipa vibarua, akaamua mti upi ukatwe na makaa ya mawe yaagizwe kiasi gani. Bwana mwenyewe wakati huo yuko kwenye kuwinda kwake. Tulichagua 1879 kwa sababu baridi yake ilikuwa kali, na baada yake ikaja mvua iliyoharibu mavuno huku ngano rahisi ya Marekani ikimiminika bandarini. Ushuru wa kuikinga ngano ya Kiingereza ulikuwa umeshafutwa tangu 1846. Mwezi Januari msimamizi hakuyajua hayo yote, lakini daftari lake lilikuwa limeshaanza kumkunjia uso.

Shangazi alinipigia simu nikiwa bado napanga. "Sasa mwanangu, kwenye baridi hiyo watu wanalima nini?"

"Hawalimi shangazi, ardhi imekuwa jiwe."

"Basi unasimamia nini?"

Swali zuri. Kazi zisizohitaji jua nilizisukuma gizani. Farasi walilishwa saa kumi na moja alfajiri kwa taa ya mkononi, kisha mhunzi akawapigilia misumari yenye ncha kwenye viatu vyao wasiteleze. Kijana wa boila naye hakulala: zamani huyu aliishi nyuma ya ukuta wa bustani, akachochea moto usiku kucha ili mizabibu na mananasi ya bwana yasife ndani ya nyumba za vioo. Nanasi, ndugu zangu! Makaa yaliyoteketea kwa ajili ya nanasi moja yangepasha joto nyumba ya kibarua, na sikuona haya kuwaambia wageni hivyo.

Mwanga wa asubuhi niliutoa wote kwa barafu. Nilidhani barafu hukatwa vipande kama matofali. Kumbe kwenye mashamba haya hata ile nyembamba kama kioo cha dirisha ilifaa. Watu husimama ukingoni mwa ziwa, wanaivunja na kuivuta kwa kulabu ndefu, inapakiwa kwenye mkokoteni hadi kwenye shimo la matofali lililochimbwa chini ya kilima, lenye umbo la yai. Ndani yake wanaume wanaitwanga kwa nyundo za mbao hadi ishikamane iwe donge moja, kisha inafunikwa kwa majani makavu. Chini kabisa kuna mfereji wa kutolea maji, kwa sababu barafu inayokaa ndani ya maji yake haidumu. Ikipangwa vizuri hufika kiangazi, ndiyo inayogandisha malai ya wageni wa bwana mwezi Julai. Tulijaza sehemu ndogo tu ya shimo, mikono ikatufa ganzi.

Kondoo sikuwapa muda mrefu. Tanipu, mizizi minene ya kulishia mifugo, zilikuwa zimegandia ardhini, tukazing'oa kwa sururu, zikapita kwenye mashine ya kukatia, wakala.

Saa tisa alasiri niliwaita wote ndani kushughulikia taa, na hapa nilikuwa mwalimu. Kufikia miaka hiyo majumba mengi yalitumia mafuta ya taa, na vijana wa Kiingereza hawakujua kupunguza utambi. Niliwaonyesha kama bibi alivyonifunza: kata sawasawa, pembe za utambi zikibaki, moto hutoa moshi, chemni ifutwe kwa karatasi kavu, usijaze mafuta hadi juu.

Daftari la mishahara lilikuja mwisho. Wachunga farasi na wachunga kondoo waliajiriwa kwa mwaka, hivyo walilipwa hata theluji ikianguka. Kibarua wa kutwa je? Ardhi ikiganda, hana kazi wala ujira, na mlango unaomsubiri ni wa nyumba ya mafukara. Wachache niliwahamishia ghalani kushona magunia na kutengeneza vizuizi vya zizi. Waliobaki hapakuwa na kazi ya kuwapa bila kumwibia bwana, kwa hesabu za wakati ule, nikawaandikia sifuri. Watoto wa shule waliotutembelea waliuliza juu ya sifuri hizo kuliko walivyouliza juu ya barafu. Safari ijayo tutaitoa meza ya mishahara ofisini tuiweke mlangoni mwa ghala, ambako kila mgeni lazima apite.